Ngoma zikiwa kwa kabati: kisa cha isukuti za kijiji chetu

Naandika hii kisa juu mimi ndio nilikua karani wa kamati ya urithi ya kijiji chetu. Fomu ya kuomba pesa niliijaza mimi, alama niliweka mimi na biro yangu, na mengi yenye yalitupata baadaye yalitoka kwa hiyo alama, kwahivyo sitamlaumu mtu hapa zaidi ya venye najilaumu mwenyewe. Lakini naona vijiji vingine huku Kakamega, ata upande wa Vihiga na Seme, watu wanaanza kamati kama yetu na wanapewa fomu kama ile, na kwa ukurasa wa kwanza kuna swali inaonekana ndogo sana: urithi wenu ni unaoshikika ama usioshikika, chagua moja. Nataka wenye watajaza baada yetu wapate kusoma hii kwanza.

Kijiji chetu kiko Ikolomani, kwa Waidakho, sisi ni Waluhya, kutoka Malinya penye fahali hupigana unaenda tu na miguu. Kulikua na mzee tulikua tunamuita Kuka, yaani babu, sisi wote, ata wenye si wa boma lake. Kuka alikua na isukuti tatu zenye babake alichonga, na yeye mwenyewe alikua anajua kuchonga, anajua kuwamba na anajua kupiga, kazi zote tatu kwa mtu mmoja. Siku hizi kwetu ni ngumu kupata mtu kama huyo, wapigaji wengi wananunua ngoma ikiwa tayari.

Kwa wenye hamko huku, isukuti ni ngoma na pia ni densi, jina ni hilo moja. Ngoma huwa tatu, baba, mama na mtoto, ni ndefu alafu chini ni nyembamba, unaivaa na mshipi begani, unaibana kwapani unapiga na viganja. Kuna pembe ya swara inapulizwa, kuna vyuma vya kulia, kuna mwimbaji mmoja anatangulia na wengine wanaitikia, wanaume mstari wao na wanawake mstari wao. Mtoto akizaliwa inapigwa, vijana wakitahiriwa inapigwa, harusi, matanga, kusindikiza fahali asubuhi kabla jua litoke vizuri, kanisani, na ukienda kuona Ingwe, ile timu ya AFC Leopards, ikicheza utaisikia kabla uone uwanja. Mwezi wa 11 mwaka 2014, UNESCO wakiwa kwa kikao Paris, waliiweka kwa orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa haraka. Watu wengi kwetu walisherehekea wakidhani ni zawadi, lakini hiyo orodha ni kama wodi ya wagonjwa mahututi, unaingizwa huko juu uko karibu kwenda. Na sababu zilitajwa wazi: wenye wanajua wengi ni wazee na hawana wa kuwarithi, pesa na vifaa vya kutengeneza ngoma na mavazi havipatikani, watunzi wamehamia muziki wenye unaleta pesa, na watu wakiwa na sherehe wanaita burudani ingine.

Hizo sababu nilikua nimezisoma, nilikua nazo kwa simu, na bado niliweka alama kwa "unaoshikika".

Nieleze venye ilifanyika juu hatukua wajinga. Tulikua tumekaa kwa mwenyekiti, mvua imenyesha, fomu iko mezani, na mwalimu mmoja mstaafu akauliza, ngoma unaweza kuishika ama huwezi? Tukasema unaweza. Akasema basi imekwisha, jaza. Alafu kulikua na jambo ya pesa. Ofisi yenye ilikua inatoa hela ilitaka risiti kwa kila shilingi, na risiti ya matofali unapata, ya mabati unapata, ya simiti na vioo unapata. Sasa Kuka akikaa na vijana jioni anawashika mkono anawaonyesha, risiti ya hiyo utaandikiwa na nani? Tuliona tukisema "usioshikika" tutaulizwa maswali yenye hatuna majibu, na kijiji kingine kitachukua hizo hela. Alafu pia kulikua na uoga wa ukweli. Watu walikua wanapita na magari wanauliza ngoma za zamani, wanatoa bei. Na sote tunajua venye kule pwani vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kukumbuka wazee waliokufa, viling'olewa vikauzwa na mamia yakaenda kupatikana kwa makumbusho na nyumba za watu Marekani. Kwahivyo kulinda chombo si ujinga, mtu asiwaambie hivyo. Chombo kikiibwa kimeibwa.

Pesa ikaja. Tukajenga chumba kimoja cha matofali, mlango wa chuma, ndani kabati la vioo lenye taa. Isukuti tatu zikaandikwa namba chini na rangi nyeupe, moja, mbili, tatu, zikaingia kwa kitabu cha mali ya mradi. Sharti moja ya ofisi ilikua kwamba mali ya mradi haitoki kwa chumba bila barua. Ufunguo ukakaa na mwenyekiti, na mwenyekiti kazi yake iko Nakuru, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Siku ya kufungua Kuka aliketishwa mbele na wageni, akavalishwa vizuri, akapigwa picha kando ya kabati. Wakati watu wanaenda kula akanishika mkono akaniuliza kwa Lwidakho, lugha yetu, na jioni nitapiga nini? Nilimjibu haraka haraka juu wageni walikua wanangoja chakula, nikamwambia Kuka tutakutafutia zingine. Hatukutafuta. Hakukua na pesa imebaki, na kwa fomu hatukua tumeandika mahali popote kwamba Kuka ni sehemu ya urithi. Tulikua tumeandika ngoma tatu, umri wake, mti wake, urefu wake.

Lazima nieleze hizo jioni juu hapo ndio penye kitu chenyewe kilikua. Vijana sita, saba, walikua wanakuja kwa Kuka baada ya kunywesha ng'ombe maji. Kwanza ngoma zinasongezwa karibu na moto wa magunzi, si karibu sana, na Kuka anagonga ngozi na kidole kimoja anasikiliza, anageuza, anagonga tena. Huku kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, ngozi inakunywa unyevu inalegea, kwahivyo hiyo kazi ya kupasha si ya siku kuu, ni ya kila siku. Alafu kijana mgeni anapewa mtoto, ile ngoma ndogo. Kuka haongei. Anakuacha upige vibaya mpaka wewe mwenyewe usikie ni vibaya, alafu anakuja anakushika kifundo cha mkono anakilegeza, anakunja kiganja chako kidogo kifanye shimo, anarudi kukaa. Ukipiga sawa anaanza kuimba, na ndani ya kuimba ndio unasikia majina ya koo, nani alioa kutoka wapi, fahali wa nani alishinda wa nani, rangi za ng'ombe zenye zina jina kwa Lwidakho na kwa Kiswahili unabaki tu kusema mweusi, mweupe, madoadoa. Wamama wakiwa jikoni wanaitikia. Hiyo sehemu ya wamama muikumbuke.

Ngoma zilipoingia kabati hizo jioni zikaisha. Hakuna mtu alisema zimeisha. Vijana walikuja mara mbili tatu, wakapiga jerikeni, wakaona si kitu. Mmoja akaingia boda, wawili wakaenda Nairobi, wengine wakakaa. Na kwa kabati nako, hizo ngoma zilikua zimezoea kwapa la mtu na moshi wa jiko, moshi ndio ulikua unafukuza wadudu na moto ndio ulikua unakausha ngozi, sasa ziko ndani ya vioo bila hewa, masika yanakuja yanapita. Ukichungulia kwa dirisha uliona ziko, zinang'aa chini ya taa, na ripoti tuliandika kwamba urithi uko salama.

Kuka aliaga mwezi wa tano, mvua ikiwa kali, mwaka mmoja na nusu baada ya kufungua kile chumba.

Kwa matanga ya mzee kama huyo isukuti si pambo. Fahali wanaletwa, watu wanazunguka boma, koo zinatajwa, na mwenye alikua mpigaji lazima apigiwe. Mtoto wake wa kwanza akasema ngoma za baba zitoke. Barua ya ofisi hatukua nayo na ilikua wikendi. Ufunguo uko Nakuru. Mwenyekiti, na namshukuru kwa hili, hakungoja barua, alipeana ufunguo kwa matatu ya kuja Kakamega usiku huo huo na nikaenda kuuchukua steji asubuhi. Tulipofungua ile kabati harufu ya ukungu ilitoka kwanza. Ile ngoma baba ngozi yake ilikua imelegea kama kitambaa. Mama ilikua na vumbi la mbao chini, wadudu walikua wameingia. Vijana wakawasha moto, na juu hakuna mwenye alikua anajua umbali wala muda, wakazisongeza karibu wapate sauti haraka, na ile ya mtoto ikapasuka ngozi tukisikia. Senje, dada ya Kuka, alikua amekaa hapo kwa mkeka na akaweka mkono kwa mdomo. Mimi siwezi kusahau huo mlio.

Tukakopa ngoma kwa kijiji cha Waisukha ng'ambo, majirani wetu wenye pia hupiga isukuti, wakaja nazo na wapigaji wao, Mungu awabariki. Ngoma zikalia. Lakini wakati wa kutangulia, wa kutaja boma la Kuka na mama zake na fahali zake, wale wageni hawangejua, ni maneno ya hapa. Wanaume wetu wakaangaliana. Nikatoa simu, juu nilikua na vidio ya Kuka ya dakika 40, nikafikiri nitasikiliza nimwambie mtu maneno. Haikusaidia, kelele ni nyingi, na mtu haimbi matanga akiwa na simu kwa sikio. Ndio Senje akasimama. Mama wa miaka sabini na kitu, hajawahi kutangulia mbele ya watu, yeye huwa mstari wa wanawake anaitikia. Akaanza. Akataja boma moja baada ya ingine bila kukosea, miaka yote hiyo alikua anaitikia kumbe ameyabeba yote, na wamama wengine wakamshikia, na wale Waisukha wakamfuata na ngoma mpaka jioni.

Hicho ndio kisa. Sasa tukae chini tukiangalie.

Kosa la kwanza liko kwa swali lenyewe, ile ya kuchagua moja. Kuna mikataba miwili hapa na watu wanaichanganya. Wa 1972 ni wa Urithi wa Dunia, huo ni wa mahali na majengo na mazingira, na Kenya iliingia 1991. Wa 2003 ndio wa urithi usioshikika, Kenya iliingia 2007, na huo unaongea juu ya masimulizi na lugha yenye inayabeba, sanaa za kuonyesha kama ngoma na densi, mila na sherehe, ujuzi kuhusu maumbile, na ufundi wa mikono. Lakini mkiusoma vizuri, pale penye unaeleza usioshikika ni nini, unataja pia vyombo na vifaa na mahali penye vinahusiana na huo ujuzi. Yaani ngoma ya Kuka ilikua ndani ya "usioshikika" tangu mwanzo. Yule mwalimu aliuliza kama inashikika, na ni kweli inashikika, lakini swali ingetakiwa kuwa ingine: tunachotaka kisipotee ni mbao ama ni kile mbao hufanya mtu akiwa nayo?

Mimi nimejitafutia njia moja ya kupima na ndio natumia siku hizi. Nauliza, hiki kitu kikiungua leo usiku, kesho tunaweza kutengeneza kingine? Zile ngoma tatu zingeungua Kuka akiwa hai, tungelia, juu ni kazi ya babake, lakini angetafuta mti wa mukomari, angekata gogo, angelikausha, angelichimba, angepata ngozi ya kenge, angewamba, na baada ya miezi isukuti ingelia. Sasa Kuka ameenda, tunazo ngoma zote tatu na hakuna hata moja inaweza kutuzalia Kuka mwingine. Tuliweka kufuli kwa kile kinaweza kurudiwa na tukaacha wazi kile hakiwezi.

Wajapani walielewa hii zamani. Hekalu lao la Ise hubomolewa na kujengwa upya kila miaka 20, mara ya mwisho ilikua 2013, kwahivyo mbao zake si za zamani ata kidogo, lakini kwa kila kizazi kuna mafundi wamejenga na wadogo wamesimama kando yao wakiona. Ukienda huko na fomu yetu ungeandika jengo ni jipya na ungekosea kabisa.

Lakini kipimo kinageuka ukienda penye chombo chenyewe hakiwezi kurudi. Angalieni hapa jirani Nyanza tu, kuna mawe mawili yanafundisha kuliko kitabu. Thimlich Ohinga kule Migori ni kuta za mawe yamepangwa bila simiti wala udongo wa kushikanisha, inakisiwa zilijengwa karne ya 16, na mwaka 2018 zikaingia Urithi wa Dunia. Hizo ni za kushikika kweli, zikianguka huwezi kuleta jiwe lingine useme ni ile ile ya karne ya 16, lazima zilindwe kama kitu. Alafu njoo Kit Mikayi, Seme, kwa barabara ya Kisumu kwenda Bondo. Jiwe kubwa kupita nyumba yoyote huko, jina maana yake jiwe la mke wa kwanza, na wazee husimulia juu ya mzee Ngeso mwenye alilipenda jiwe akawa anashinda huko kila siku, wakimuulizia mkewe anajibu ameenda kwa mikayi. Mwaka 2019 UNESCO walipoiweka kwa orodha, hawakuandika jiwe. Waliandika mila na desturi zenye zinafanywa hapo: maombi, viapo, dhabihu, wazee kuomba mvua wakati wa njaa, nyimbo, kula pamoja. Na orodha ni ile ile ya isukuti, ya kuokolewa haraka, ingawa jiwe lenyewe haliendi popote, litakuwa hapo sisi wote tukiwa tumesahaulika. Kilicho hatarini ni wazee wenye wanajua la kufanya wakifika hapo.

Na sisi Kakamega tuko na letu, Ikhongo Murwi, lile jiwe la Ilesi la machozi, kwa barabara ya kwenda Kisumu. Wageni wanasimama wanapiga picha maji yakiteremka. Uliza kijana wa Ilesi stori yake, wengine watakuambia, wengine watasema ni jiwe tu. Hapo ndio unaona mpaka uko wapi, jiwe ni lile lile kwa wote wawili.

Mfano wenye naupenda zaidi ni wa kaya za Wamijikenda. Misitu ya kaya iliingia Urithi wa Dunia 2008, kama mahali. Mwaka uliofuata, 2009, mila zenyewe za hizo kaya zikaingia kwa orodha ya usioshikika unaohitaji kuokolewa haraka. Mahali ni pale pale na watu ni wale wale, lakini vitabu ni viwili, juu msitu unahitaji uzio na mtu wa kukataza panga, na mila inahitaji mzee na kijana wakae pamoja. Kazi mbili, bajeti mbili. Kama ile fomu yetu ingeruhusu hivyo tungeandika ngoma upande mmoja na Kuka upande wa pili, na pesa ingegawanywa ata kama si sawa.

Kuna mtu wa kamati ameniambia mara nyingi, lakini vidio tunayo, kwahivyo tumehifadhi. Nimeiangalia hiyo vidio mara zaidi ya ishirini tangu tumzike. Nilisimama mbele ya Kuka nikishika simu, na kwa sababu ngoma iko kwapani, ule mkono wa ndani hauonekani vizuri, kile kiganja alikua anatukunja hakionekani kabisa. Na nilianza kurekodi ngoma zikiwa tayari zimepashwa moto, juu niliona ile ya kupasha ni matayarisho tu, kitu yenyewe bado haijaanza. Sasa vijana walipopasua ile ya mtoto siku ya matanga, walikua wanakosa hicho chenye sikurekodi. Vidio ni nzuri, msiache kurekodi, lakini vidio haiwezi kukushika mkono ikuambie legeza hapa, na inahifadhi tu kile mwenye kamera alifikiri ni cha maana. Mkirekodi, anzeni kwa kuwasha moto, na mwingine asimame nyuma ya mpigaji.

Halafu kuna Senje. Hii ndio sehemu yenye inaniuma na kunipa moyo kwa wakati mmoja. Kwa fomu kulikua na nafasi ya kuandika "wahusika wakuu" na tuliandika Kuka na wanaume wanne. Hatukuandika mwanamke ata mmoja, juu tulifikiri urithi uko kwa ngoma na ngoma ziko kwa wanaume. Ukitafuta kitu kinashikika unatafuta mwenye amekishika. Mstari wa wanawake haukua umeshika kitu, kwahivyo hatukuwaona, na wao ndio walikua wamebaki na maneno yote. Kama mnafanya orodha kwenu, msiulize tu nani hupiga, ulizeni nani huitikia, nani hupika siku hiyo, nani hukumbusha mwimbaji akisahau.

Mali ni ya nani, hiyo nayo bado inatusumbua. Watoto wa Kuka wanasema ngoma ni za baba yao na zinarithiwa bomani. Kamati inasema ziko kwa kitabu cha mradi. Mimi naona ngoma kama mbao ni za boma, na hapo watoto wako na haki, tuliwachukulia vibaya. Lakini mapigo na yale maneno hayawezi kuwa ya mtoto mmoja kama shamba, ni ya ukoo na ya Waidakho, na kwa hiyo sheria iko: Katiba ya 2010 kifungu cha 11 inatambua utamaduni kama msingi wa taifa na inataka jamii zilipwe utamaduni wao ukitumika, na 2016 ikatungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Tumekubaliana kwa mdomo kwamba ngoma zirudi bomani na boma liwe linazitoa kwa kijiji. Hatujaandikishana bado.

Na ngozi ya ile ya mtoto bado imepasuka. Kenge ni mnyama wa pori na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu tu kwenda mtoni na rungu, na mimi naunga mkono hiyo sheria juu kenge pia wakiisha isukuti imeisha. Wengine wanawamba na ya mbuzi. Tumejaribu ya mbuzi, inalia, lakini Senje alisikiliza akatikisa kichwa akasema hii inaongea na pua. Ufundi na mti na mnyama na mto vyote viko kwa hiyo sauti moja, na ile fomu ilikua na kisanduku kimoja.

Venye tumefika sasa: Senje anakuja kila Jumamosi jioni. Yule wa boda amerudi, anapaki pikipiki nje anaingia. Wamekuja pia wasichana wanne, jambo lenye Kuka hakuwahi kulifanya, na kuna wazee wamenung'unika, lakini Senje amewaambia basi nyinyi mje mfundishe, na hajakuja mtu. Mambo ya mkono tunafundishwa na mpigaji mmoja wa wale Waisukha, anakuja kila wiki mbili, tunamlipia nauli na chakula kwa kuchanga. Mapigo yao na yetu si sawa kabisa kwa kila kitu, kuna mahali Senje anamsimamisha anasema hapana, kwa Kuka ilikua inageuka hivi, na anaonyesha kwa kupiga makofi juu yeye hajawahi kushika ngoma. Yule mpigaji anasikiliza, anajaribu, anauliza hivi? Senje anasema karibu. Wanaendelea hivyo mpaka giza.

Kile chumba kiko. Kabati tumeitoa mlango wa kioo, ndani kuna picha ya Kuka na daftari lenye tunaandika maneno ya Senje kwa Lwidakho, na kuna moto tunawasha hapo nje karibu na ngazi. Namba nyeupe bado ziko chini ya ngoma. Mwaka huu fomu ingine imekuja, ukurasa wa kwanza swali ni ile ile, na mara hii nimeweka alama kwa visanduku vyote viwili na pembeni nimeandika kwa mkono jina la Senje, la mpigaji wetu na la wale wasichana wanne, na kwa bajeti nauli iko juu ya mabati. Tumeituma Jumatatu.